Hatua Mia Mbili na Kumi Hadi kwa Mama

Kutoka mlango wangu wa jikoni hadi mlango wa mama yangu ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu mwenyewe, hotpoti ya mtori, ule mchuzi wetu wa ndizi na nyama, mkono wa kulia na chupa ya chai mkono wa kushoto, asubuhi na mchana na jioni, miaka nenda miaka rudi. Leo ukitaka kutoka mlango huu kwenda mlango ule, unatokea geti la mbele, unapandisha kichochoro hadi barabara ya lami, unaifuata lami mpaka darajani, unashuka na barabara ya vumbi nyuma ya kanisa, unakata kushoto kwenye mashine ya kusaga, halafu unaanza kurudi kule kule ulikotoka, mpaka unaliona paa la nyumba yako mwenyewe likikutazama upande wa pili. Kwa mguu ni dakika arobaini, kama magoti yako ni mazima. Yangu si mazima.

Nina hasira. Naomba msomaji asinipoze, maana walionipoza ni wengi: mchungaji, dada zangu wawili, na daktari wa presha. Sitaki kupozwa. Nataka kueleza.

Baba yangu alizaliwa Old Moshi, juu mlimani, na alizaliwa katikati. Kwetu kihamba, yaani lile shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, kina utaratibu wake: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa chake, wa mwisho hubaki kwenye nyumba ya baba, na wa kati anajijua. Baba akajijua. Alishuka huku tambarare, Shirimatunda, wakati kukiwa na mahindi matupu na vumbi, akapata kipande kirefu chembamba kinachoteremka hadi korongoni, akajenga chini kabisa karibu na maji. Likizo alitupandisha mlimani kwa bibi, na huko ndiko nilikojifunza njia ni kitu gani.

Mlimani kila kihamba kina njia inayokipita. Unatoka kwa bibi unakwenda dukani, unapita nyuma ya jiko la watu, karibu kabisa na ng'ombe wao, kando ya makaburi yao, chini ya migomba yao. Unapiga hodi huku unatembea. Unasema shikamoo bila kusimama, unaitikiwa marahaba na mtu usiyemwona, ameinama kwenye kahawa. Kwenda kanisani kulikuwa na njia tano, na bibi alichagua kulingana na nani alikuwa na mgonjwa wiki hiyo. Mgomba ukiangukia njia, mwenye kihamba anatoka na panga kuuondoa, hasubiri kuambiwa. Walikuwepo majirani walionuniana miaka mingi kwa sababu ya mpaka, hawaalikani hata kwenye msiba, lakini walipishana kwenye njia ile ile moja, kila mmoja anaangalia upande wake. Kufunga njia hakukuwa hata tusi. Lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria.

Tuliposhuka, tulishuka na akili hiyo. Miguu yetu ikachora njia kutoka juu ya shamba hadi chini, na kabla hatujajua, watu wote wa upande ule wakawa wanaitumia: wa sokoni, wa shule, kwaya ya usharika siku ya mazoezi. Baba alipanda masale pande zote mbili. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao Mchaga anaupanda mpakani, na kazi yake nyingine nitaisema mbele. Baada ya miaka, baba aligawa: mimi akanipa kipande cha juu kinachogusa kichochoro, kaka yangu cha katikati, na chini pakabaki nyumba yake na mama. Alipofariki tulimzika pale pale kando ya nyumba, masale kichwani, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo uwanda ule ukawa nyumbani kwetu kweli. Mtu hahami kirahisi mahali alipolaza mume.

Sasa mji ukatufikia. Nasema mji, lakini haukuja na barabara hata moja. Ulikuja na kamba na vigingi. Jirani wa kushoto alikata shamba lake vipande vinane, wa kulia akakata kumi na kimoja, na katika vipande vyote hivyo hakuna aliyekubali kuachia mita mbili za watu kupita, kwa sababu mita mbili ni chumba cha mpangaji. Kila mtu alimwambia mwenzake, wewe nenda, njia ipo. Ipo wapi? Ipo kwa jirani! Na jirani naye anasema ipo kwa jirani. Mwisho wake ni vichochoro ambavyo vinaanza vizuri kabisa, na maua pembeni, halafu vinagota kwenye geti la mtu na mbwa wake. Nimeona lori la mchanga likirudi kinyumenyume toka huko chini mpaka lami, dereva ametoa kichwa nje analaani ukoo wote wa aliyemwelekeza. Siku jiko la mpangaji mmoja liliposhika moto, gari la zimamoto lilisikika vizuri sana. Lilikuwa linazunguka. Tulizima wenyewe na ndoo za maji ya kufulia.

Nenda pale mjini kati, kwenye mitaa ya zamani. Ukikosea mtaa mmoja unaingia unaofuata na bado unafika. Nenda Kiboriloni siku ya soko, pamoja na msongamano wote ule, ndizi na mitumba na kelele, mtu mwenye haraka anapenya. Kwetu sisi tuliosoma, tuliojenga nyumba za vigae na kuta zilizopandwa chupa zilizovunjika kwa juu, hakuna pa kupenya. Hovyo kabisa! Tumejaza watu elfu mahali pamoja, na kumfikia mtu wa nyuma ya nyumba yako lazima umsafirie.

Mama alipata kiharusi mwaka niliostaafu ualimu. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, kichwa kikabaki kizima, na mdomo pia, asikudanganye mtu. Dada zangu walitaka ahamie kwangu. Mama akakataa katakata.

"Nikihama hapa," alisema, "baba yenu atabaki na nani?"

Basi tukakubaliana. Usiku alilala naye binamu yake mjane, ambaye alfajiri alikwenda zake kuuza ndizi Kiboriloni. Mchana wote ulikuwa wangu. Nilimshika mama mkono ule mzima, nikamwahidi kitu kimoja tu maishani mwangu kama binti mkubwa: atabaki nyumbani kwake hadi mwisho, na mimi nitamfikia. Nilikuwa nimeweka ahadi ya hatua mia mbili na kumi. Niliiona nyepesi.

Kaka, anayeishi Dar, akataka kuuza kipande chake cha katikati. Hatukugombana, ni chake. Mnunuzi alikuwa kijana wa miaka kama thelathini na tano, Mchaga mwenzetu wa upande wa pili wa mlima, kazi yake kupandisha watalii Kilimanjaro. Mtu wa heshima, ameoa, anaongea polepole. Mkataba tuliuandikia kwangu, kwenye meza ya kulia chakula, na aliyeuandika ni mimi. Nani mwingine? Nimefundisha darasa la tatu kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mtu mtaani akiuza kiwanja ananiletea karatasi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na sikosei. Nikaandika mnunuzi, muuzaji, mashahidi, mipaka ya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Wakatia sahihi. Tukanywa soda, wazee wakamalizia na mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha tukaondoka sote kwenda kumwonyesha mama jirani yake mpya. Tulipita kwenye ile njia, kwa mstari mmoja, mimi mbele na karatasi mkononi. Mama akamwekea kijana yule mkono kichwani akambariki, akasema "Aika," yaani asante, mara tatu.

Miaka miwili alilima mahindi tu. Nikapita, nikamsalimu, nikachumiwa mchicha. Halafu mwaka wa tatu, mchana mmoja nikiwa na hotpoti, nikakuta mtaro wa msingi umekata njia yangu. Mafundi wanne, matofali mpaka kiunoni upande wa pili tayari, na masale ya baba yameng'olewa yamelala kwenye rundo na mizizi juu.

Sikujua nilivyoweka hotpoti chini. Najua tu nilichosema, maana mtaa mzima umenikumbusha. "Wewe ni mtu wa namna gani? Unalipwa kuwaonyesha Wazungu njia, ya mama mgonjwa unaijengea ukuta!" Hapo ningenyamaza ningekuwa sawa. Sikunyamaza. Mdomo wangu ukianza hauna breki. Nikamwambia ni mwizi. Nikamwambia hana kwao. Nikamtajia mama yake mzazi, mbele ya mke wake na mafundi wanne walioacha kukoroga saruji ili wasikie vizuri, na nilichosema juu ya huyo mama sikiandiki hapa.

Alisimama na futi kamba mkononi. "Mwalimu, shikamoo," alisema. "Naomba tuheshimiane. Nimenunua."

Ebo! Shikamoo yake ndiyo iliyoniua kabisa. Nilirudi ndani, nikampigia simu mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Mwenyekiti alikuja Jumamosi. Watu wakajaa, maana njia ile haikuwa yangu peke yangu. Walikuwepo wa kwaya, wa sokoni, wazazi wa watoto wa shule. Nilikuwa na furaha ya mtu anayejua atashinda. Mwenyekiti akaomba mkataba. Yule kijana akautoa kwenye bahasha ya plastiki, umetunzwa vizuri kuliko cheti cha ndoa. Mwenyekiti akatafuta miwani, hakuiona, akanipa mimi.

"Mwalimu, tusomee. Mwandiko si wako?"

Nikasoma kwa sauti ya darasani. Kaskazini kiwanja hiki kimepakana na mimi. Kusini kimepakana na mama yetu. Mashariki na yule, magharibi na yule. Nikafika kwenye sahihi. Nikarudi juu. Nikageuza karatasi, nyuma kweupe.

"Njia iko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Njia si ile pale!"

"Kwenye karatasi, Mwalimu."

"Haikuandikwa kwa sababu ipo! Nani anaandika njia? Nyie wote mmetoka mlimani, nani kwenu aliwahi kuandika njia?"

Kuna mtu alicheka. Wazee hawakucheka, kwa sababu walikuwa wanajua ninachosema, na nadhani kila mmoja pale alianza kukumbuka karatasi yake ya ndani ya kabati. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba huku si mlimani. Kijana yule alitueleza, akionyesha na kidole, kwamba kiwanja ni chembamba, nyumba itakaa hapa, na mahali pekee panapobaki pa kuchimba shimo la choo ni pale kwenye njia. "Nikiwaachia njia, shimo niliweke sebuleni?" aliuliza, na hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya ukuta. Nilikuwa nimekuja kumchukia mtu, nikakuta anachosema kina maana, na kosa limeandikwa kwa mkono wangu, herufi zimekaa kwenye mstari, nukta mahali pake. Watoto wangapi niliwapigia mstari mwekundu kwa kuruka neno moja? Mimi nimeruka njia nzima.

Nilizunguka kwa lami siku ile kumpelekea mama chakula, kikafika cha baridi. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yangu. Binamu yake alikuwa amezileta.

"Kachume isale," mama akasema kabla sijafungua hotpoti.

Hii ndiyo ile kazi nyingine ya isale. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake moja, unakwenda nalo mpaka kwake, unampa. Akilipokea, kosa limekwisha. Kulikataa ni mwiko, hata kama ulimfanyia nini. Tunalijua hilo sote, Walutheri na Wakatoliki, wasomi na wasiosoma.

"Mama, mimi ndiye niliyekosewa!"

"Njia umekosewa. Lakini umemtukana mama yake. Huyo mama amekukosea nini?"

Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mpakani masale yalikuwa yameng'olewa yote, yakabaki ya kwenye kaburi la baba. Nikachuma pale. Na kwa kuwa geti la kijana yule liko upande wa juu, pale kichochoro changu kinapoishia ubavuni mwa kiwanja chake, ilibidi nilizungushe lile jani njia nzima: mashine ya kusaga, kanisa, daraja, lami. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, isale mkononi, katikati ya Wachaga. Hakuna asiyejua maana yake! Wanawake kwenye mashine walitua ndoo zao wanitazame nikipita. Wa bodaboda pale darajani akapunguza mwendo kabisa. "Mwalimu, pole. Umemkosea nani?" Nikamwambia atazame mbele asije akagonga watu.

Alinipokea kwa mikono miwili. Mkewe alileta chai na maandazi kutoka kwenye kibanda walichokuwa wakiishi wakati wa ujenzi. Kijana yule alilishika lile jani muda mrefu, macho yake yakawa mekundu, akasema, "Yameisha, mama. Kabisa." Na ninamwamini. Tangu siku hiyo hajanitazama kwa jicho baya hata mara moja.

Nikanywa chai mpaka nusu. Nikauliza, "Na ukuta?"

"Ukuta ni kitu kingine, mama," alisema.

Alichofanya ni hiki. Kwenye ukuta wa upande wangu aliwaambia mafundi waache tundu la tofali moja, usawa wa kifua. Kwenye ukuta wa upande wa mama akaacha lingine, yakaelekeana. Asubuhi naita, mkewe anakuja, nampitishia hotpoti kwenye tundu la kwanza, anavuka uwanja wake nayo, anampitishia mama kwenye la pili, na mama anaipokea kwa mkono wake mzima ameegemea fimbo. Watu walisifia sana. Mchungaji alitaja jambo hili kanisani kama mfano wa upendo. Mimi nilikaa pale kwenye benchi nikasaga meno. Mtori ulipita, mimi sikupita. Nilikuwa namwona mama mara moja kwa siku, alasiri, bodaboda ikiwepo. Kuchana nywele zake, kumsugua mguu, kumsikiliza akisimulia kitu kile kile kwa mara ya mia, hivyo havipiti kwenye tundu la tofali.

Alianguka asubuhi, kama saa nne hivi. Nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia akiniita, kwa jina la utoto ambalo yeye peke yake alibaki kulitumia. Nikakimbilia tunduni. Ukiweka jicho kwenye tundu langu, unaona tundu la pili, na ndani ya lile la pili unaona kipande cha uwanja wa mama kama ukurasa wa daftari. Kwenye kipande kile niliona khanga yake chini, na mguu. Nikaita jirani. Kimya. Mke alikuwa sokoni, mume yuko juu mlimani na wageni wake, geti lina kufuli. Nikapiga geti kwa mawe. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kisha nikakimbia, kama unaweza kuita vile kukimbia. Kichochoro, lami, daraja. Bodaboda hakuna hata moja, siku zote wapo kumi wamelala juu ya pikipiki, siku hiyo hakuna! Kanisa. Mashine ya kusaga. Nilikuwa nalia na kutukana njiani, na sijali nani alisikia.

Nilimkuta kando ya kaburi, jua limempiga usoni muda wote ule. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hakuwa analia. Alinitazama kama anatazama mtoto aliyechelewa kutoka shule.

"Nilikuona kwenye tundu," alisema. "Uliniona. Mbona hukuja?"

Nimeeleza mara nyingi tangu siku ile. Nimemweleza kwamba nilizunguka. Anaitikia, ndiyo mwanangu, ulizunguka, halafu baada ya muda ananiuliza tena.

Baada ya hospitali hakuweza kurudi kwake, maana sasa hanyanyuki bila mtu, na mtu huyo ni mimi. Anaishi chumba changu cha mbele. Nyumba yake ina kufuli, na kaburi la baba linapaliliwa na watu wa kulipwa. Ahadi moja nilimwahidi, moja tu, na nimeivunja kwa kalamu yangu mwenyewe. Jirani anakuja kumsalimu mama kila akishuka kutoka mlimani, anamletea ndizi mbivu, mama anambariki kama siku ile ya kwanza. Nimemsamehe yule kijana. Nafsi yangu sijaipelekea isale bado, na wala haraka sina.

Alasiri mama anataka kukaa nje. Namtoa na kiti chake, na kila siku anadai kigeuzwe, uso uelekee ukutani, pale pale njia ilipokuwa inaanza. Kichwa chake siku hizi kinakwenda na kurudi. Wakati mwingine anausalimu ukuta shikamoo kama anapita kihambani kwa mtu.

Mwezi uliopita walikuja mume na mke wa vichochoro vya juu, na mnunuzi wao. Wanakata kiwanja, wanataka mkataba. Nilikuwa nimeapa sitaandika tena, lakini waliniomba kwa heshima na mnunuzi alikuwa ameshika karatasi safi na kalamu mpya. Nikakaa. Nikawaambia kabla ya jina la muuzaji, kabla ya kitu chochote, mtaje njia inapita wapi na upana wake hatua ngapi.

Mume akacheka, akatupa mkono. "Ah, Mwalimu, njia si ipo? Kila mtu anaijua. Wewe andika mipaka tu tukanywe soda."

Niliisikia damu ikipanda. Nilikuwa na maneno, na nyinyi mnayajua maneno yangu. Safari hii sikuyatumia. Niliwaambia wainuke wanifuate nje, wakanifuata, wakasimama nyuma ya kiti cha mama hawajui wameitiwa nini. Mama akasikia miguu ya watu. Aligeuka taratibu akawaona watatu wamesimama kwa mstari, wameelekea ukutani, kama watu walio safarini kwenda chini. Uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono wake mzima.

"Mnapita?" aliwauliza. "Nipitisheni na mimi, nyumbani ni hapo tu."

Mume aliniomba kalamu, akauliza njia inaandikwa mstari wa ngapi.